Programu ya Bure Iliyomletea Mwalimu Barua ya Kujieleza

Isome bila haraka mpaka mwisho, kisha mtumie mtu yeyote aliyewahi kupoteza kazi yake ndani ya kompyuta.

Katika shule moja ya sekondari kwenye milima ya Upare alikuwako mwalimu aitwaye Nakundwa Mmbaga. Alifundisha hisabati na kompyuta. Hakuwa mtu wa kutulia. Walimu wenzake walizoea kumwona akisahihisha madaftari huku amesimama dirishani, wali wake wa mchana ukipoa mezani.

Shule ilikuwa na kompyuta kumi na nane darasani na moja ofisini kwa Mkuu wa Shule. Zote zilikuwa za msaada, zilizofanya kazi kwingine kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa milimani. Fundi mmoja kutoka mjini, Shedafa, ndiye aliyezihudumia tangu zilipofika. Alikuja na pikipiki, mkoba begani, akaingiza kwenye kila mashine mfumo endeshi, yaani ile programu kuu ambayo bila hiyo kompyuta ni boksi tu.

"Nimeweka ya kudumu," alikuwa akisema kila anapofunga mkoba wake.

Ya kudumu ilidumu muhula mmoja. Muhula uliofuata aliitwa tena.

Sasa Jumatatu moja, zikiwa zimebaki siku kumi kidato cha nne wafanye mtihani wa vitendo, kompyuta za darasani zilianza tabia mpya. Vioo viligeuka vyeusi, na pembeni yakatokea maandishi: nakala hii haijathibitishwa. Kisha, kila zilipotimia dakika sitini tangu ziwashwe, zilijizima. Hazikuomba ruhusa wala kusubiri mtu amalize sentensi. Zilizima tu, zikawaka upya, na kazi ambayo haikuhifadhiwa ikawa imekwenda.

Chumba kile kikawa hakikaliki. Wanafunzi waliandika jicho moja likiwa kwenye kioo na jingine kwenye saa ya ukutani.

"Madam, zimebaki dakika nne!" mmoja alipiga kelele.

"Hifadhini! Hifadhini zote!"

Vidole vilikimbia juu ya kibodi, viti vikagongana, na kabla aliyekaa mwisho hajamaliza, vioo vyote vikawa giza. Saa iliyofuata ikawa hivyohivyo.

Siku ya pili yake mambo yakazidi. Kulikuwa na msichana aitwaye Namsifu, ambaye kazi yake ya mradi ilikuwa taarifa ya ugonjwa unaoozesha tangawizi katika kata yao. Alikuwa ametembelea mashamba yote mwenyewe, akawauliza wakulima, akaandika kurasa kumi na nne. Alipochomeka flashi yake asubuhi hiyo, hakuona kitu ila vialama vidogo visivyofunguka. Virusi vilikuwa vimepita.

Namsifu hakulia. Alikaa akitazama mikono yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Madam, nianze tena?"

"Subiri kwanza," Nakundwa alimjibu.

Lakini yeye mwenyewe hakujua wanasubiri nini. Kazi za mradi zilitakiwa kukabidhiwa siku ileile ya mtihani.

Shedafa alifika Alhamisi. Alikagua mashine mbili tatu, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hizi zimezeeka. Programu mpya hazizitaki. Shule itafute nyingine."

"Zina kosa gani? Kibodi zinaandika, vioo vinaonyesha."

"Ndivyo walivyoamua wenye programu."

"Hao wenye programu wako wapi?"

Fundi akacheka. "Mbali."

"Na sisi tukitaka kuwaambia kwamba tuna mtihani wiki ijayo?"

"Utawaambia kupitia wapi, mwalimu?" Akaubeba mkoba wake. "Nitajaribu kutafuta kitu cha kuzisukuma sukuma. Sikuahidi."

Nakundwa akaenda ofisini kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Msangi. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu, na kompyuta zilimtia hofu kidogo, ingawa asingekubali kusema.

"Mwalimu, tumwachie fundi," alimwambia. "Hiyo ndiyo kazi yake. Wewe na mimi tukianza kuchokonoa, tutaharibu mali ya serikali."

"Mkuu, siku zinakwisha."

"Najua. Nami nina ugeni wa mthibiti ubora, anakuja kukagua shule Jumatano. Usinipe presha."

Nakundwa alirudi nyumbani, akabandika maharage na kuyasahau mpaka yakashika chini ya sufuria. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alifungua kitabu cha mwongozo wa kompyuta, akakifunga, akakifungua tena kulekule. Redio ya wilaya ilikuwa ikiongea jikoni tangu alfajiri. Matangazo ya vifo, bei za mazao, nyimbo za kwaya, kisha habari, kisha nyimbo tena.

Alikuwa ameishika sufuria mkononi, akikwangua ukoko, ndipo wazo likamjia. Hawa nao wanatumia kompyuta. Basi mbona wao hawazimiki kila baada ya saa?

Jumamosi asubuhi aliomba nafasi kwenye lori lililokuwa likiteremsha tangawizi mjini Same, akakaa mbele kati ya dereva na mizani. Kufika, alikwenda moja kwa moja kwenye kile kituo cha redio, nyumba ndogo yenye mnara nyuma yake. Fundi mitambo wao alikuwa mama wa makamo aitwaye Mwantumu Kajiru. Alimkuta akila muhindi wa kuchoma, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una tangazo?"

"Nina swali. Kompyuta zenu zinakaa hewani siku nzima bila kuzima?"

"Ile pale ina miezi minne haijazimwa." Mwantumu alionyesha kwa muhindi. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, imebanduka rangi, kuliko hata zile za shule.

"Mnatumia mfumo gani?"

"Linux. Ni mfumo huria."

"Bei gani?"

"Hauna bei."

Nakundwa alikuwa amewahi kulisikia jina hilo chuoni, katika mhadhara mmoja, na alidhani ni kitu cha wataalamu wa ng'ambo. "Sasa anayekupa bure anapata nini?"

Mwantumu akafuta mikono. "Wameutengeneza watu wengi sana, kila mmoja kipande chake. Wengine wanalipwa na kampuni zao, wengine wanafanya kwa kupenda. Wakasema anayetaka autumie, aufungue aone ndani, aurekebishe, amnakilie na jirani. Sharti ni kwamba na wewe ukiurekebisha na kuugawa, usimfungie mwenzako mlango."

"Na virusi?"

"Vipo vya kila aina duniani, sikudanganyi. Lakini hivyo vinavyozunguka na flashi zenu huko, humu havina pa kushika. Nisikilize, mwanangu. Ukinunua jembe, mwenye duka anakufuata shambani kukuambia leo usilime?"

"Hapana."

"Basi. Hao wenu wanawafuata darasani."

Mwantumu akaingiza mfumo ule ndani ya flashi, akamwandikia hatua kwenye nyuma ya ratiba ya vipindi. Halafu akamshika mkono. "Usifute chochote kwanza. Unaweza kuuwasha mfumo ukiwa ndani ya flashi hiihii, bila kugusa kilichomo kwenye mashine. Angalia kwanza. Ukiridhika ndipo uingize."

Jumapili Nakundwa alikwenda kanisani, lakini aliondoka wakati mzee wa kanisa anaanza matangazo. Alifungua chumba cha kompyuta akiwa bado na kitenge chake cha ibada. Alichagua mashine mbovu kuliko zote, ile ya pembeni iliyokuwa ikitoa mlio, akachomeka flashi, akawasha.

Dakika ya kwanza hakukuwa na kitu. Dakika ya pili mistari myeupe ilikimbia juu ya kioo, naye akaanza kutembea kutoka ukutani hadi mlangoni. Aliporudi mara ya tatu, kioo kilikuwa kimetulia, na katikati yake pameandikwa kwa Kiingereza: Karibu.

Alichomeka flashi ya Namsifu. Zile alama zisizofunguka zilikuwapo, lakini safari hii kando yake palikuwa na mafaili mengine ambayo virusi vilikuwa vimeyaficha machoni pa mfumo wa zamani. Jina la kwanza kabisa lilikuwa tangawizi. Akalifungua. Kurasa kumi na nne, picha za mizizi iliyooza, majina ya wakulima. Hakuna lililopungua.

Nakundwa akaweka mikono kichwani, akasema peke yake kwa Kipare neno ambalo halisemwi siku ya ibada.

Jioni ile alinakili kazi zote za wanafunzi mahali salama. Jumatatu na Jumanne akaingiza mfumo mpya kwenye mashine zote kumi na nane, moja baada ya nyingine. Mbili zilimsumbua sana. Moja ilikataa kutoa sauti, na nyingine ilimlazimu kumpigia Mwantumu mara tano. Wanafunzi nao walilalamika, kwamba kitufe hiki kimehama, kwamba jedwali halifanani na lile walilozoea, na Nakundwa akatumia vipindi vyote kuwazoeza upya. Kama amekosea, amewakosea watoto arobaini na wawili mara moja.

Lakini saa ilizunguka, dakika sitini zikapita, na hakuna kioo kilichozima.

Jumanne mchana karani wa shule alimletea bahasha. Ndani yake palikuwa na barua ya kujieleza.

Ilisema kwamba Mwalimu Nakundwa Mmbaga, bila idhini, ameondoa programu zilizowekwa na fundi anayetambuliwa na shule, na badala yake ameingiza programu za bure zisizojulikana zilikotoka, kitendo kinachoweza kuiingiza shule katika kosa la wizi wa programu. Atoe maelezo kwa maandishi kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatano, kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu.

Alimfuata Mkuu ofisini mbio mbio, barua mkononi.

"Mkuu, ungeniita tukazungumza."

"Fundi amenipigia simu. Amesikia kutoka kwa wazazi. Ananiambia kitu cha bure siku hizi lazima kina mwenyewe, na mwenyewe akija atanikuta mimi, si wewe."

"Njoo uone zinavyofanya kazi."

"Sikatai kwamba zinafanya kazi, mwalimu. Hata baiskeli ya wizi inakwenda."

Nakundwa akarudi kuandika maelezo yake. Alianza mara tatu, akachana mara tatu. Alijua Mwantumu hakumdanganya, lakini alikuwa na karatasi gani ya kuonyesha? Hakuna risiti, hakuna mhuri. Aliandika ukurasa mmoja, akasaini, akaenda darasani kusimama tu kati ya mashine.

Jumatano saa tatu na nusu alifika mthibiti ubora, Bi Hyera, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, asiyeandika kitu mpaka amekitazama mara mbili. Mkuu alikuwa amemwita na Shedafa, ili ikibidi mashine zirudishwe zilivyokuwa mchana uleule. Wote wanne wakaingia chumba cha kompyuta.

"Kabla hatujaendelea, mama," Mkuu alianza, "kuna jambo ni bora ulisikie kwangu. Mwalimu huyu ameondoa programu za shule, akaweka za bure. Nimekwisha kumwandikia, na maelezo yake haya hapa."

Bi Hyera alizitazama kompyuta, kisha akamtazama Mkuu. "Hizo zilizoondolewa zilikuwa na leseni?"

"Ndiyo. Zimo kwenye faili." Mkuu alikuwa amejiandaa. Akafungua jalada jekundu, akatoa karatasi kwa fahari.

Bi Hyera aliishika karatasi karibu na dirisha. Ilikuwa nakala ya nakala, imefifia. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mkuu, shule yenu imewahi kuwa hoteli?"

"Sijakuelewa, mama."

"Hapa pameandikwa jina la hoteli ya pwani. Na leseni ni ya mashine tano."

Mkuu aliichukua karatasi ile na kuisogeza machoni, kana kwamba maandishi yangebadilika yakikaribiwa. Kwa miaka yote hiyo aliitunza kwenye jalada jekundu bila kuisoma hadi chini. Alimgeukia fundi.

"Shedafa?"

Fundi alikuwa akitazama sakafu. "Mkuu, kila mahali ndivyo tunavyofanya. Mnataka kompyuta ziwake. Mimi naziwasha. Hakuna aliyeniuliza nimezifungua kwa ufunguo wa nani."

"Kwa hiyo hata hii ya ofisini kwangu?"

"Hata hiyo."

Nakundwa alihisi uso ukimwaka, wala si kwa ushindi. Alikumbuka kwamba kila mwaka hufundisha mada ya wizi wa programu. Watoto huandika maana yake, hutaja madhara yake matano, naye huwapa alama zote. Na walikuwa wakiyaandika hayo kwenye mashine za wizi, mwalimu wao akiwa amesimama nyuma yao. Yeye naye hakuwahi kuuliza.

Bi Hyera akamgeukia. "Na wewe, mwalimu, una karatasi gani?"

"Sina karatasi, mama. Ninayo humu."

Akakaa mbele ya mashine, akafungua ukurasa wa leseni ya mfumo mpya. Ilikuwa kwa Kiingereza. Akaisoma polepole, akiitafsiri kwa sauti sehemu baada ya sehemu. Kwamba anayepokea programu hii anaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote. Kwamba anaruhusiwa kuchunguza ndani yake inavyofanya kazi. Kwamba anaruhusiwa kuibadilisha. Kwamba anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwingine, mradi naye ampe ruhusa zilezile.

"Rudia hapo pa kunakili," alisema Bi Hyera.

Nakundwa akarudia.

Bi Hyera akainama, akasoma mwenyewe kwenye kioo, midomo ikichezacheza. Aliponyanyuka, aliivua miwani.

"Mkuu, naona hivi. Katika shule hii nzima, mtu mmoja tu ndiye mwenye haki halali ya kile anachokitumia. Na ndiye huyu uliyemwandikia barua."

"Na mtihani, mama?" Mkuu aliuliza, sauti imemshuka. "Kesho watafanyaje kwenye kitu kingine?"

"Karatasi za mtihani zinataka mtoto aandike barua, atengeneze jedwali, achore chati. Hazimwulizi jina la programu." Akawageukia wanafunzi waliokuwa wakichungulia mlangoni. "Mnaweza?"

"Tunaweza!" waliitikia, ingawa wengine kwa sauti isiyojiamini sana.

Kabla hawajatoka, karani alikuja akikimbia. "Mkuu! Ile taarifa ya shule uliyosema nimchapie mama mgeni, kompyuta yako imejizima, yote imepotea."

Mwalimu Msangi alifumba macho. Alipoyafumbua alichukua ile barua ya kujieleza, akaiweka juu ya meza ya mwanafunzi, akaandika kwa kalamu nyekundu kutoka kona hadi kona: Imefutwa. Akasaini.

"Mwalimu Nakundwa," alisema mbele ya watu wote, "nisamehe. Na ukimaliza hapa, tafadhali, pitia ofisini kwangu na hiyo flashi."

Siku iliyofuata mtihani ulifanyika. Mashine moja iliganda, ikawashwa upya, mtahiniwa akapewa muda wake. Nyingine zote zilifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Namsifu alikabidhi kurasa zake kumi na nne.

Wengi wangeishia hapo. Lakini kuna jambo lililotokea wiki mbili baadaye, nalo ndilo hasa linalofanya kisa hiki kipitishwe.

Shedafa alirudi shuleni bila kuitwa. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, kofia ya pikipiki mkononi, bila mkoba.

"Hodi, mwalimu."

Nakundwa aliinua macho kutoka kwenye madaftari. "Unataka nini, fundi?"

"Nifundishe."

Hasira ilimpanda Nakundwa. Huyu ndiye aliyempigia Mkuu simu. Huyu ndiye aliyetaka kumtia doa kwenye faili lake la kazi. Alitamani kumwambia aende akajifundishe kwenye hoteli yake. Lakini maneno ya ile leseni alikuwa ameyasoma kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kitu alipewa ili akigawe. Hapakuwa na mstari uliosema, isipokuwa Shedafa.

"Kaa," alimwambia.

Fundi akakaa. Alikuwa mwepesi wa kushika. Katika saa mbili aliingiza mfumo mwenyewe kwenye mashine ya majaribio, akaubadilisha uongee Kiswahili, akaanza kuuzungukia. Mara akaangua kicheko.

"Mwalimu, njoo uone. Kitufe cha kuhifadhi kazi wameandika Okoa! Ninaokoa nini, imezama?"

Nakundwa naye akacheka. Kweli, aliyetafsiri alikosea, akachukua maana ya kuokoa mtu badala ya kuhifadhi kazi.

"Unaona?" Shedafa alisema. "Ndiyo hasara ya vitu vya bure. Sasa hapa utamlalamikia nani?"

"Hulalamiki. Unarekebisha."

"Nani? Mimi?"

"Una mkono, una macho, unajua Kiswahili."

Alimwonyesha mahali kwenye mtandao ambapo watafsiri huweka maneno yao. Shedafa alivuta kiti. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuvunja kufuli za watu na kuondoka upesi. Hakuwahi hata siku moja kuombwa aongeze kitu ndani. Aliandika neno moja, Hifadhi. Akalitazama. Akaeleza kwa mistari miwili kwa nini lile la kwanza si sahihi, kisha akabonyeza kutuma, na kukaa akisubiri kama mtu aliyepanda mbegu na kutaka ichomoze palepale.

"Haiji leo," Nakundwa alimwambia. "Watu watalisoma kwanza, waone kama wanakubali."

"Watu gani?"

"Siwajui."

Wiki zikapita. Mvua za vuli zikaanza, barabara ya milimani ikawa utelezi. Asubuhi moja Nakundwa alikuwa katikati ya kipindi cha hisabati, simu ikamtetemeka mara tatu mfululizo. Alitoka nje ya darasa.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Shedafa, akihema kama aliyepanda mlima. "Niko zahanati, naingiza toleo jipya la mfumo kwenye mashine ya mapokezi. Limekuja! Neno langu limekuja!"

"Wamelikubali?"

"Limo ndani! Sikuliweka mimi hapa, mwalimu. Limekuja na mfumo wenyewe. Hapo penye Okoa sasa pameandikwa Hifadhi." Sauti yake ikabadilika. "Miaka yote hii naingia kwenye kompyuta za watu kama mwizi. Leo kuna mtu, sijui yuko Mombasa au Bukoba, anabonyeza neno nililoliandika mimi. Na hakuna atakayenifukuza."

Funzo: Kitu usichoruhusiwa kukifungua, kukirekebisha wala kumgawia mwenzako bado kina bwana mwingine, hata kama kimekaa mezani kwako, basi kabla hujauliza bei yake, uliza kwanza kinakuachia uhuru gani.